Barua za Wasomaji: Ndoa Changa, Kazi na Masomo

Barua tulizozichagua mwezi huu zimetoka kwa watu wasiofahamiana, lakini zote zinahusu nyumba ambamo mume na mke bado ni vijana, mshahara unahitajika, kuna mtu anayesoma, na kuna mtoto au ndugu anayewategemea. Tumezifupisha na kuondoa mambo ambayo yangeweza kuwatambulisha walioziandika.

Je, niache shule?

*Shikamoo Mama. Nina umri wa miaka 27, nimo katika mwaka wa tatu wa ndoa, na tuna mtoto wa miezi minane. Nafanya kazi ofisini kutwa, na siku tatu kwa wiki nahudhuria masomo ya jioni ya shahada niliyoianza kabla ya kupata ujauzito. Mume wangu ni mtu mwema, hana ugomvi na wala hafichi mshahara wake, lakini nisipomwambia afanye jambo, jambo hilo halifanyiki. Juzi nilirudi saa tatu usiku nikakuta amemlaza mtoto vizuri, ila vyombo viko vile vile na nguo za mtoto za kesho hazijafuliwa, na yeye ananiuliza mbona nimenuna. Mitihani inakaribia, na nikisoma usiku siambulii kitu. Wifi yangu ananishauri niache shule mpaka mtoto akue. Je, niache?*

Marahaba, mwanangu. Usiache katikati ya muhula, na usifanye uamuzi mkubwa wa namna hiyo katika majuma ambayo usingizi wako ni wa vipande vipande. Kati ya kuacha na kuendelea kwa kasi ile ile zipo njia ambazo wifi yako hakuzitaja, pengine kwa sababu hazijui. Vyuo vingi humruhusu mwanafunzi kupunguza idadi ya masomo anayoyachukua katika muhula mmoja, na vingi vina utaratibu rasmi wa kuahirisha muhula au mwaka, ambapo nafasi yako na alama ulizokwisha kupata hubaki mahali pake. Kinachowaponza wengi ni kutoweka kimya kimya, kwa sababu asiyetokea kwenye mtihani bila taarifa anaweza kuhesabiwa kuwa amefeli, na barua inayoandikwa kabla ya mtihani husikilizwa kwa namna ambayo barua ya kujitetea baada ya matokeo haisikilizwi. Nenda kwa msajili wiki hii, uulize mwisho wa kuomba kuahirisha ni lini, kama ada uliyokwisha kulipa itahamishiwa muhula utakaofuata, na ni miaka mingapi unayoruhusiwa kuitumia kumaliza shahada hiyo. Ukishakuwa na majibu hayo mkononi utaamua kwa hesabu, si kwa uchovu.

Sasa chukua kalamu. Wiki ina saa 168. Ukilala saa 7 kila usiku, muda ambao wataalamu wa usingizi wanausema kuwa ndio wa chini kwa mtu mzima, saa 49 zimekwenda. Kazi pamoja na safari ya kwenda na kurudi tuikadirie kuwa saa 50. Vipindi vya jioni tuseme saa 9, na kujisomea saa 10. Zimebaki saa 50, na humo ndimo kunamotakiwa kuingia kunyonyesha, kupika, kufua, kuoga, ibada, wageni, na mgonjwa wa ukoo anayepaswa kujuliwa hali. Mumeo naye ana saa 168 zile zile. Ukitoa usingizi na kazi, anabakiwa na saa 69. Tofauti ya saa 19 iliyopo kati yenu ndiyo masomo yako. Jambo ambalo nyumba yenu haijalizungumza hata siku moja, kwa jinsi ninavyoisoma barua yako, ni nani anayezifidia saa hizo 19. Kwa sasa unazifidia wewe peke yako, na unazitoa kwenye usingizi. Ndiyo maana unanuna, na ndiyo maana mumeo haelewi kwa nini umenuna, kwani kwa upande wake hakuna kilichobadilika: mnaendelea na mgawanyo wa kazi mlioanza nao mkiwa wawili tu, wakati ambapo vyombo vya chakula cha jioni vilikuwa sahani mbili na sufuria moja.

Hayuko peke yake katika hilo. Shirika la Kazi Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2018 kuhusu kazi za malezi, lilikadiria kwamba wanawake hufanya asilimia 76.2 ya saa zote za kazi za nyumbani na za kutunza watu ambazo hazilipwi, yaani zaidi ya mara tatu ya zile zinazofanywa na wanaume. Simtetei mumeo kwa kuitaja ripoti hiyo. Naitaja ili usimwendee kama mtu aliyekaa chini akapanga kukuonea, maana ukimwendea hivyo atajitetea, na usiku huo mtalala mmepeana migongo.

Shida yenu haitaisha kwa kumwomba akusaidie zaidi, kwa sababu kuomba kwenyewe ni kazi. Chukua mfano wa hizo nguo za mtoto. Kufua ni nusu saa. Lakini kabla ya kufua pana mtu aliyejua kwamba zimebaki nguo safi za siku moja, kwamba sabuni inakaribia kwisha, kwamba mawingu yametanda na zisipoanikwa asubuhi hazitakauka, na kwamba ile fulana ya njano imeanza kumbana mtoto makwapani. Mumeo akifua kwa kuwa umemwambia, amekupunguzia nusu saa. Mengine yote yamebaki kichwani mwako, nawe umeketi darasani unanakili anachosema mhadhiri huku ukiwaza sabuni. Kwa hiyo usimpe kazi moja moja. Mkabidhi eneo zima, kutoka kukumbuka hadi kukamilisha. Nguo za mtoto ziwe zake, ikiwa ni pamoja na kujua zipi hazimtoshi tena. Kliniki na chanjo ziwe zake pia: kadi aitunze yeye, tarehe aikumbuke yeye, na ruhusa kazini aiombe yeye. Siku zako tatu za vipindi, jikoni pawe pake, na unaporudi saa tatu usiku usikute chombo kinachokungoja.

Ukishamkabidhi, usimsimamie. Hapa ndipo wanawake wengi wanaoniandikia wanapokwama, nami sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa: wanagawa kazi asubuhi, na jioni wanairudia kwa sababu haikufanywa kwa namna yao. Mtoto atavaa soksi zisizofanana, na shuka litakunjwa ovyo. Mambo ya hatari, kama vile dawa, moto na maji ya kuoga, muelekezane mara moja kwa makini. Yaliyobaki mwache ajifunze kama ulivyojifunza wewe, ambaye nawe hukuzaliwa ukijua kumvika mtoto.

Mazungumzo haya yasifanyike mlangoni ukiwa bado na mkoba begani. Tafuteni saa moja katika siku ya mapumziko, mtoto akiwa amelala, mkae na karatasi yenye siku saba za wiki, kila mmoja aandike anayoyafanya. Mwache aandike mwenyewe. Wanaume wengi hushtuka wanapoona orodha ya mke imejaa ukurasa wa pili, na mshtuko huo una faida kuliko lawama zozote ambazo ungeweza kumtolea. Kisha mrudie kikao hicho kila wiki, hata kwa dakika ishirini, kwa sababu ratiba ya wiki ya mitihani si ratiba ya wiki ya likizo, na mtoto wa miezi minane atakuwa anatembea kabla hamjaizoea ile ya kwanza.

Kuhusu kusoma bila kuambulia kitu, sioni kama umepungukiwa akili. Watafiti Dawson na Reid, katika makala iliyochapishwa mwaka 1997 katika jarida la Nature, walieleza kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hufanya majaribio ya umakini kama mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi humzuia dereva kushika usukani. Ukiamka saa kumi na moja alfajiri, saa 17 zinatimia saa nne usiku, yaani wakati ule ule unaofungua daftari. Ukiusoma ukurasa ule ule mara nne ukiwa katika hali hiyo unajitesa bure. Lala, kisha soma alfajiri kabla mtoto hajaamka, au wakati wa mapumziko ya mchana kazini. Vipande vya dakika ishirini si haba kama vinavyodhaniwa. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885, aligundua kwamba kujifunza kulikogawanywa katika siku kadhaa kunahitaji marudio machache kuliko kujifunza kwa mkupuo mmoja. Namna nzuri ya kuvitumia vipande hivyo ni kufunga kitabu na kuandika kile unachokikumbuka, kisha kukifungua uone ulichosahau. Ni kazi inayochosha kuliko kupitisha macho juu ya kurasa, ila mambo hubaki.

Hukusema kama bado unanyonyesha, lakini kwa mtoto wa miezi minane nadhani ndiyo. Muulize mwajiri wako sheria ya nchi yenu inasemaje kuhusu mapumziko ya kunyonyesha. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka mapumziko hayo yahesabiwe kuwa sehemu ya saa za kazi na yalipwe, na hata katika nchi ambazo hazijauridhia mara nyingi kuna kifungu cha namna hiyo katika sheria za ajira. Siku za vipindi unaweza kukamua maziwa yakamsubiri mtoto: katika chumba chenye joto lisilozidi nyuzi 25 hukaa salama kwa saa zipatazo 4, na ndani ya jokofu hadi siku 4. Kama kwenu joto linazidi hapo na jokofu hakuna, usiyaweke muda mrefu.

Na nikuulize jambo moja ambalo hukuniandikia. Je, huzuni au kukata tamaa kumekuwa nawe kwa zaidi ya majuma mawili, mambo yaliyokuwa yakikupendeza hayakupendezi tena, na hata mtoto anapolala wewe hulali? Ikiwa ndivyo, usiite uchovu tu. Sonona ya baada ya kujifungua inaweza kumpata mama wakati wowote katika mwaka wa kwanza wa mtoto, na hutibika. Mweleze muuguzi au daktari siku ile ile mnapompeleka mtoto kliniki. Hiyo itangulie mitihani.

Nasoma kwa mshahara wa mke wangu

*Mama, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mume mwenye umri wa miaka 31. Mwaka jana tulikubaliana na mke wangu niache kazi kwa miaka miwili ili nisome kwa muda wote, naye aitunze nyumba kwa mshahara wake. Hajawahi kuninyima wala kunisimanga, lakini kila ninapomwomba nauli najisikia mdogo. Isitoshe, ndugu zangu hawajui kwamba sina kazi. Mdogo wangu aliponiomba ada nilikopa kwa simu nikamtumia, halafu nikakopa kwingine ili kulipa ule wa kwanza. Mke wangu hajui. Nifanye nini ili heshima yangu isishuke nyumbani?*

Umeniuliza kuhusu heshima, mwanangu, nami naanza na deni, kwa sababu heshima yako haikuathiriwa na nauli. Mke aliyekubali kubeba nyumba peke yake kwa miaka miwili alikwisha kuamua jinsi anavyokuona. Kitakachombadilisha ni kupokea ujumbe wa mkopeshaji kwenye simu yake, kwa kuwa wakopeshaji wengi wa simu huwapigia hata watu waliomo katika orodha ya majina ya mkopaji pale malipo yanapochelewa. Aisikie habari hii kutoka kinywani mwako.

Mwambie wiki hii, na usimwendee mikono mitupu. Andika kila mkopo: ulikopa wapi, kiasi gani, lini, umelipa nini, na kimebaki nini pamoja na adhabu. Usipunguze hata kidogo, kwa sababu ukificha sehemu leo utalazimika kuungama mara ya pili, na mara ya pili ni ngumu mno kusamehewa. Huenda akakasirika, naye ana haki ya kukasirika; usimharakishe akusamehe usiku ule ule ili wewe upate usingizi.

Mikopo hiyo nayo ina hila yake katika namna inavyotangazwa. Asilimia 10 kwa mwezi husikika kama kitu kidogo, lakini kwa mwaka ni asilimia 120, hata kabla ya kuhesabu riba juu ya riba. Ukilipa mkopo kwa mkopo, kama unavyofanya, riba inazaa, na kwa asilimia hiyo hiyo deni ambalo halijapunguzwa hufika zaidi ya mara tatu ya kiasi cha awali baada ya miezi 12. Kwa hiyo usikope tena hata kwa siku moja. Wapigie wakopeshaji uombe kulipa kwa awamu, na fedha yoyote itakayopatikana ielekezwe kwanza kwenye mkopo wenye riba kubwa kuliko yote, huku mingine ukiilipia kiwango cha chini kinachokubalika. Kama mna akiba inayopata faida ndogo benki, kuitumia kumaliza deni la namna hii ni busara kuliko kuiacha, ila uamuzi huo ni wa wawili.

Ndipo tunafika kwenye nauli. Kinachokudhalilisha, nijuavyo mimi, si fedha ya mkeo, ni kule kuomba kila asubuhi. Liondoeni. Nauli, vitabu na ada viingie katika bajeti ya mwezi pamoja na kodi ya nyumba na umeme, navyo vitengwe siku ya mshahara. Kisha kila mmoja apewe kiasi kidogo cha matumizi yake binafsi, sawa kwa sawa, ambacho hatoi hesabu yake kwa mtu. Kiwe kidogo kadiri hali inavyoruhusu, lakini kiwepo. Mwanamume asiye na fedha ya kumnunulia rafiki yake soda huanza kuwakwepa watu, na akishawakwepa watu huanza kukopa.

Ndugu zako lazima waambiwe, na mwenye kuwaambia ni wewe, wala si mkeo, ambaye akiwaambia ataonekana ndiye anayewazuilia ndugu riziki. Huhitaji hotuba. Mpigie yule anayeheshimiwa katika familia, umweleze kwamba upo masomoni, kwamba hadi utakapomaliza hutakuwa na uwezo wa kutuma fedha, na umtajie mwezi unaotarajia kumaliza. Mwezi huo una maana kubwa, kwa sababu ndugu anayeambiwa "sina" husikia kwamba amekataliwa, na anayeambiwa "sina hadi mwezi fulani" hupanga mambo yake. (Huwa nashangaa jinsi watu wanavyowadhania ndugu zao kuwa hawawezi kuelewa jambo ambalo hawajawahi kuelezwa.) Ada ya mdogo wako muizungumze na mkeo kama suala la nyumba, pengine mnaweza kuchangia sehemu, pengine mtashindwa, lakini likitoka jibu litoke kwenu wote wawili.

Jambo la mwisho kwako. Mwanafunzi wa muda wote ana saa nyingi zaidi nyumbani kuliko mfanyakazi, hata kama zimetawanyika. Mkeo asirudi kutoka kazini akakukuta na daftari mezani na jiko limepoa. Pika, fua, shughulikia fundi wa bomba na foleni za ofisini, yaani yale yote yanayomlazimu mtu mwenye ajira kuomba ruhusa. Hilo nalo ni mchango wa nyumba, na ukiwa na mchango unaoonekana hutakuwa na sababu ya kujisikia mdogo.

Mama mkwe anampa mtoto maji

*Shikamoo Mama. Mimi na mume wangu tunafanya kazi na kusoma. Tulipojaliwa mtoto, mama mkwe alikubali kuja kukaa nasi, na bila yeye tusingeweza. Sasa mtoto ana miezi minne, nami nimerudi kazini. Nikiwa sipo anampa mtoto maji kwa kijiko, akisema maziwa peke yake hayakati kiu, na wageni wakija husema wanawake wa siku hizi wanalea kwa vitabu. Mume wangu ananiambia nivumilie. Nivumilie hadi lini?*

Marahaba. Yako mambo mawili hapa, nawe umeyafunga pamoja kwa sababu yote yanatoka kwa mtu mmoja. Maneno yanaweza kuvumiliwa kwa muda. Maji hayawezi kusubiri.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, bila maji, hata katika majira ya joto, kisha aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Zaidi ya asilimia 80 ya maziwa ya mama ni maji, kwa hiyo kiu ya mtoto inashughulikiwa na maziwa hayo hayo. Maji ya kijiko hujaza tumbo dogo, mtoto akanyonya kidogo, na mama anayekamuliwa au kunyonywa kidogo hutoa maziwa kidogo. Tena maji au kijiko kisipokuwa safi, kuhara kwa mtoto wa umri huo ni jambo la hatari.

Hata hivyo usimsomee mama mkwe maelezo hayo. Ukimsomea utakuwa umethibitisha alichowaambia wageni. Mwanamke aliyelea watoto wake wakakua, na mmoja wao ndiye mumeo, hatakubali kufundishwa na mtoto wa juzi ndani ya nyumba ambayo anaitumikia bila malipo. Mpelekeni kliniki. Mwombe aende nanyi kwa sababu yeye ndiye anayeshinda na mtoto, jambo ambalo ni kweli, na akiwa huko muuguzi aulizwe mbele yake mtoto apewe nini na asipewe nini. Bibi akisikia kutoka kwa muuguzi, atapokea maelekezo ya mtaalamu bila kushindwa na mkwe wake. Akiambiwa pia afanye nini mtoto anapolia kwa joto, kwa mfano kumpunguzia nguo na kumpa maziwa uliyoyakamua, atakuwa na la kufanya badala ya lile alilokatazwa. Hakikisha maziwa hayo yapo ya kutosha kabla hujatoka asubuhi. Huenda alianza kutoa maji kwa sababu mtoto alilia na chombo kilikuwa kitupu.

Kuhusu maneno, mumeo anajiepusha. Huyo ni mama yake, na mtoto ndiye anayeweza kumwambia mzazi jambo zito likapita bila kuacha kovu, ilhali maneno hayo hayo kutoka kwa mkwe hukaa miaka. Amwendee wakiwa wawili tu, amshukuru kwanza, kisha amwambie kwamba asemapo hivyo mbele ya wageni anamvunjia heshima mke wa mwanawe. Asikutaje kuwa ndiye uliyelalamika.

Nawe jiulize, kwa haki, mama huyu amepumzika lini mara ya mwisho. Kumshika mtoto wa miezi minne kutwa nzima ni kazi nzito hata kwa msichana, na yeye ana nyumba yake, marafiki zake na viungo vinavyomuuma. Mpangieni siku moja ya wiki isiyo na mtoto, nyinyi wawili mgawane siku hiyo, na mzungumze naye waziwazi kuhusu muda anaotaka kukaa. Siku yake hiyo isiguswe hata wakati wa mitihani yenu. Na siku ya kliniki ikigongana na kipindi chako cha darasani, mumeo ndiye aombe ruhusa aende na mama yake na mtoto, kwani muuguzi atazungumza na yeyote aliyemleta.